Kazi ya Babu Maroa Kule Lambwe

Mwezi wa tatu mwaka wa 1996, nyanya yangu Nyasuguta alirudi nyumbani Kegonga kutoka hospitalini Migori akiwa mzima, na jambo la kwanza alilofanya ni kutuambia mahali ambapo hatutamzika.

Tulikuwa tumemchinjia mbuzi wa shukrani. Baba mkubwa Magige, ambaye ni kifungua mimba wake, alisimama na sahani mkononi akaeleza mpango wake. Kaburi la Babu Maroa, ambalo tangu 1974 lilikuwa rundo la mawe na nyasi, sasa litajengwa kwa simiti. Na kando yake itaachwa nafasi ya Mama, ingawa Mungu amjalie miaka mingi.

"Hiyo nafasi pandeni sukuma wiki," Nyanya akasema.

Watu walidhani ni dawa za hospitali.

"Mama, hujanielewa," Magige akasema. "Nasema kando ya mzee."

"Nimeelewa. Mimi mnirudishe kwetu Gusii. Siwezi kulala karibu na mtu ambaye sijui alikuwa nani."

Mbuzi mwenyewe aliisha bila mtu kumsifu. Mwanamke aliyeolewa kwa ng'ombe, akazaa watoto sita, kurudishwa kuzikwa kwa baba yake ni aibu ambayo hata vitukuu huulizwa juu yake sokoni. Kesho yake Magige alimletea katekista. Kesho kutwa akamletea dada yake Nyanya kutoka Suneka, aje amwambie kwamba kule Gusii shamba limejaa. Nyanya aliwapikia wote wawili na hakubadilisha neno.

Shida yake niliijua, maana nimelala nyumbani kwake tangu nilipomaliza darasa la nane. Mwaka wa 1938 Babu Maroa alienda kutafuta kazi upande wa Homa Bay, bonde la Lambwe, akamwacha Nyanya na Magige mgongoni. Alirudi 1948. Alirudi na kile kikopo cha chuma ambacho wafanyakazi wa zamani walivaa shingoni, chenye karatasi yao ya kipande, kitambulisho cha kazi, ndani. Alirudi pia na mtamba mmoja, mwekundu, mwenye paji jeupe, ambaye hakuwa amezaa bado. Maelezo hakurudi nayo.

Alipoulizwa alikuwa anafanya kazi gani, alijibu, "Kazi ya serikali. Tulikuwa tunashika."

"Mkishika nani?"

"Wale wa kushikwa."

Akafa na jibu hilohilo.

Kwa maneno hayo Baba mkubwa Magige alijijengea baba mwindaji. Nilipokuwa darasa la tatu, Babu alikuwa ameua simba wawili akiwa na wazungu. Nilipomaliza la nane walikuwa watano. Mwaka jana, kwenye harambee ya kanisa, walifika saba na chui.

Nyanya kwa maneno hayohayo alijenga mke. Hoja yake ilikuwa yule mtamba. Kwetu, mwanamume hatoki safari ya miaka kumi na ng'ombe hivihivi. Ama ameiba, ama ameoza binti, ama alioa huko, mke akamkimbia, na wakwe wakamrudishia mali yake. Kuiba, Babu hakuwa na mbio. Binti wa kuoza hakuwa naye. Ikabaki moja. Tena Babu akisinzia mchana kibarazani alikuwa na tabia ya kuhesabu kwa sauti: "Wa kiume kumi na nne. Wa kike tisa." Nyanya alikuwa akipepeta mtama pale karibu, na hao wa kike tisa aliwasikia kwa masikio yake. Yule mtamba alizaa sana, hata ng'ombe wote tulio nao ni wa ukoo wake, na Nyanya hakuwahi kuonja maziwa ya hata mmoja wao. Miaka arobaini na minane amekunywa chai ya rangi.

Watoto wake hawakuweza kumsaidia. Mtu hachunguzi mambo ya baba yake na wanawake. Wazee wakisikia watamtoza mbuzi, na mbuzi ndiye adhabu ndogo. Lakini mjukuu ni mtani. Mimi Nyanya huniita mke mwenzangu, kwa sababu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, na mke anaruhusiwa kuuliza. Binamu zangu waliofika sekondari walijitolea, lakini Nyanya alisema makaratasi ya zamani hayataki mtu mwenye haraka.

"Mke mwenzangu," akaniambia, akinipa kile kikopo kimefungwa kwa kitambaa, "nenda Homa Bay ukamwangalie mume wetu."

Wilaya yetu ya Kuria ilikuwa changa, bado inatafuta viti. Makaratasi ya zamani yalibaki kwa wenzetu. Magige alinisindikiza hadi stendi. Aliangalia huku na huku, akaninong'oneza, "Mellen, ukikuta simba ni wachache, usianze kuwaambia watu njiani."

Homa Bay nilikaa kwa mama mmoja wa Kiluo anayeitwa Phelesia, mfanyabiashara wa omena, dagaa wa ziwani. Huzichukua kisiwani Remba, akazianika, akaja kuuza hadi soko letu la Kegonga, ndipo alipojuana na mama yangu. Alinipokea kama mtoto, akanipa chakula, akanipa na reki ya kugeuzia omena juani, na habari yangu akaisikiliza mpaka mwisho.

"Miaka kumi Lambwe," akasema. "Nyathina, mwanangu, mwanaume hakai miaka kumi bila kupikiwa. Mke alikuwepo. Labda ni wa kwetu. Labda mimi na wewe ni ndugu." Kuanzia hapo akawa ananiongezea samaki.

Ofisi yenyewe sitaitaja, kwa sababu waliomo bado wanatafuta pensheni. Ilikuwa na benchi nje, karani ndani, na nyuma stoo yenye mlango wa bati ambamo makaratasi ya wakati wa mkoloni yalifungiwa. Karani aliitwa Japheth, mtu mnene wa tai, mwenye adabu nyingi sana katika kukuambia hapana.

"Una barua ya chifu?"

"Ninayo."

"Ya D.O.?"

"Ninayo."

Alizisoma mbele na nyuma, akazinyoosha kwa kiganja. "Basi shida ni ufunguo. Ufunguo umepotea. Jaribu kesho."

Nikarudi kwenye benchi nikakaa. Baada ya saa moja akatoka.

"Si nimesema kesho?"

"Nimesikia, mzee. Ndiyo naingoja."

Siku ya pili aliniambia mwenye stoo yuko likizo. Siku ya tatu, stima imepotea, na bila stima stoo ni giza. Mimi sikubishana. Nilikaa tu nikitazama. Ufunguo ulikuwa unaning'inia kwenye mshipi wake, umefungwa kwa uzi mwekundu. Na choo cha ofisi kilikuwa nyuma, hatua ishirini kupitia mlango wa stoo, lakini Japheth alipokwenda huko alizunguka uwanja mzima juani, akapitia langoni kwa askari. Mara moja, mvua iliponyesha, alilazimika kupita karibu. Aliokota jiwe, akalirusha kwenye ule mlango, akasikiliza, kisha akapita mbio na tai begani.

Aliporudi nikamuuliza, "Mzee Japheth, ndani ya stoo kuna nini?"

"Makaratasi."

"Na nini kingine?"

Alitazama kushoto na kulia. Akainama. "Kuna ng'ech."

Ng'ech ni kenge. Alinionyesha urefu wake kwa mikono, mikono ikaisha, akaongezea kwa macho. "Aliingia mwaka juzi. Ana mkia kama kiboko cha polisi. Nimeandika barua mbili Nairobi."

"Walijibu?"

"Waliuliza ni wa idara gani."

Nikamwomba ufunguo. Alinipa kwa ncha za vidole, akaingia ofisini akafunga dirisha. Nilifungua mlango wote, nikaweka jiwe usirudi, nikakaa mbali kidogo chini ya ukuta. Kenge anapenda jua kuliko makaratasi. Ni kumngojea tu. Ilichukua karibu saa nzima. Kisha akatoa kichwa, akatoa mkono mmoja, akatoka mwili mzima, akaelekea ziwani polepole kama ofisa anayekwenda kula chakula cha mchana.

"Ameenda?" Japheth akauliza kwa ndani.

"Ameenda."

"Amesema atarudi?"

Kuanzia siku hiyo Japheth alikuwa mtu mwingine. Aliniletea soda. Alivua koti, akaingia stoo mwenyewe, akawa anapiga vumbi na kukohoa kama mwenye nyumba aliyerudishiwa nyumba. Karatasi ya kipande ndani ya kikopo cha Babu ilikuwa imeliwa na wadudu, lakini namba ilisomeka, na neno Lambwe. Tulitafuta siku mbili. Siku ya pili asubuhi Japheth akavuta rejista kubwa nyeusi, mchwa wamekula kurasa za mwanzo, na namba ya Babu ikawa pale, na jina: Maroa.

Kiingereza changu ni cha darasa la nane, na maandishi yalikuwa ya kalamu ya kuchovya, yamelala kama nyasi zilizokanyagwa. Kwa hiyo Japheth alisoma, mimi nikashika kurasa. Kila siku ilikuwa na mstari wake na safu mbili za hesabu, moja M, nyingine F. Vichwa vya safu mchwa walikuwa wamevila.

"Maroa," Japheth akasoma. "M, kumi na nne. F, tisa."

Nikaweka kidole juu ya safu. "F ni nini?"

"Wa kike."

"Kwa mwezi?"

"Kwa siku." Akafunua ukurasa wa pili. "Hapa kumi na moja. Hapa saba, ilikuwa Jumapili." Akavua miwani akaifuta kwa tai. "Mzee wenu alikuwa na afya."

"Na hao wa kiume?"

Tulikaa juu ya mafaili tukitazama ukuta, na mimi nilikuwa nikiona kaburi la Nyanya liko Suneka tayari, limeota na maua.

Phelesia ndiye aliyetutoa hapo. Alikuja na sufuria ya chakula cha mchana, akaniona sura, akauliza kama mke amepatikana. Nikamwambia wamepatikana, na kwamba ni wengi kuliko tulivyodhani. Akataka kuwaona. Hakujua kusoma, lakini akachungulia rejista kama mtu anayechungulia kisima, kisha akaweka kidole katikati ya kurasa mbili.

"Na hii?"

Kulikuwa na mdudu amekauka pale kwenye mshono wa kitabu, bapa kama ganda la kitunguu, mabawa yamepandana moja juu ya jingine.

"Hii ni maugo," Phelesia akasema. "Mbung'o. Mimi nimezaliwa Lambwe, huyu namjua hata akiwa amekufa. Anauma juu ya nguo. Ameua ng'ombe wa baba yangu wote, na watu pia, wanalala mpaka wanakufa. Zamani serikali ilikuwa na watu wa kumshika kwa wavu, wanamhesabu, wanasema huyu dume, huyu jike, wanamtia kwenye chupa. Tulikuwa tunawacheka sana."

Japheth alivaa miwani haraka. Sasa rejista yote ilijieleza. Wanaume wanne na ng'ombe mmoja walipita kila asubuhi kwenye njia iliyokatwa msituni. Kila baada ya hatua mia walisimama. Mbung'o walikuja kumnyonya ng'ombe, na kabla hawajashiba walishikwa kwa wavu. Babu alikuwa mshika wavu. Kwa miaka tisa, mvua na jua, alishika mbung'o wa Lambwe, dume huku, jike huku.

"Hakuna mke?" Phelesia akauliza.

"Hakuna."

Alisikitika kidogo, nadhani kwa ajili ya undugu wetu, lakini chakula akapakua.

Ningeweza kurudi nyumbani siku ile na habari nzuri. Lakini nilikuwa sijauona mtamba, na Nyanya angeniuliza mtamba kwanza. Nikamwambia Japheth tuendelee hadi mwisho. Saa nane hivi, alipofika mwezi wa tatu 1947, aliacha kusoma kwa sauti. Midomo yake ikawa inakwenda peke yake.

"Soma, mzee."

"Tarehe tatu," akasema. "Ng'ombe amekufa. Makao makuu wameombwa ng'ombe mwingine. Hadi atakapofika, Maroa atashika nafasi ya ng'ombe."

"Atashika kamba ya ng'ombe?"

"Ng'ombe hayuko, dada. Kamba ya nini? Atashika nafasi. Amepewa blanketi jeusi, atatangulia mbele, mbung'o waje kwake."

Japheth alianza kusoma tena, safari hii taratibu, na makarani wengine wakaja mmoja mmoja na vikombe vyao vya chai mkononi. Yule mzungu aliyeandika alikuwa mtu wa utaratibu. Rejista ilikuwa na safu ya ng'ombe, na safu lazima ijazwe, basi aliijaza.

Tarehe nne: ng'ombe yupo, afya nzuri. Tarehe tano: ng'ombe yupo. Tarehe kumi na sita: ng'ombe ana homa, kazi imesimama. Mwezi wa tano: ng'ombe amelalamika kuhusu chumvi. Mwezi wa saba: mkaguzi amefika kutoka Kisumu, ameomba kumwona ng'ombe, ameonyeshwa. Mwezi wa tisa: ng'ombe ameomba ruhusa ya siku sita kwenda kumzika shangazi. Imekataliwa, kwa kuwa hakuna ng'ombe mwingine.

Hapo walioshika vikombe waliacha kucheka, wakaanza kubishana kama serikali ilikuwa na haki. Mmoja alisema barua ya msiba ingetosha. Mwingine akasema msiba ni wa watu, na pale ameandikwa ng'ombe.

Ng'ombe mwingine alifika baada ya miezi kumi na minne. Japheth alisoma mstari huo mara mbili, kisha akanakili habari yote, kutoka wavu hadi mstari huo, kwenye karatasi safi, kwa herufi kubwa na kwa Kiswahili, akapiga muhuri juu, chini na katikati. Nilipokuwa naondoka akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Wasalimie nyumbani," akasema. "Na poleni kwa shangazi."

Nilifika Kegonga Jumamosi. Fundi Okari alikuwa ameshafika na kigari chake cha mkono, anachanganya simiti kando ya kaburi, maana Magige alikuwa ameamua kuanza ujenzi ili Mama akiona simiti alegee. Magige alinikuta kwenye mlango wa boma, akaniomba karatasi kabla sijaweka mkoba chini.

"Simba wako wapi hapa?"

"Hakuna simba, Baba mkubwa."

"Hata chui?"

"Kuna nzi."

Aligeuza karatasi akatazama mgongo wake. "Nzi wangapi?"

"Kwa hesabu ya Japheth, elfu thelathini na moja na mia mbili."

"Elfu thelathini na moja," akasema polepole, na nikaona kifua chake kinaanza kurudi mahali pake. Kisha akafika kwenye muhuri wa katikati. Alisoma. Akakunja karatasi mara nne. "Hapa wamekosea."

"Pana muhuri."

"Basi muhuri umekosea. Mellen, mwanangu, msomee mama hizo nzi, ishia hapo. Huwezi kuja mbele ya fundi ukasema baba yangu alikuwa ng'ombe. Nina wakwe mimi. Wiki ijayo nikisimama sokoni, mtu atanipigia mluzi niende nikanywe maji."

"Baba mkubwa, aliyenituma ni Nyanya."

Alinirudishia karatasi, lakini akaja nyuma yangu hatua kwa hatua.

Nyanya alikuwa ameketi juu ya kigoda karibu na kaburi, amempa Okari mgongo ili ionekane kwamba simiti haimhusu. Nikapiga magoti nikamsalimu, nikamsomea. Nilipomaliza habari za wavu na chupa, alinisogelea na kigoda chake.

"Wote ni nzi?"

"Wote, Nyanya."

"Hata wale tisa?"

"Hata wale tisa."

"Na wa kiume kwa nini walikuwa wengi?"

"Japheth hajui."

Akatikisa kichwa. Magige alishusha pumzi, akamwambia Okari aangalie simiti isikauke. Lakini Nyanya hakuinuka.

"Mke mwenzangu, mimi nimezeeka lakini sijafa. Nzi si aibu. Mtu hawezi kumficha mke wake nzi kwa miaka ishirini na sita. Na nzi hawazai mtamba. Karatasi yako imebaki nusu, naiona kutoka hapa."

Magige akakohoa. Nikaifungua.

Nilisoma bila kuinua macho. Okari aliacha koleo ndani ya simiti. Nilisoma blanketi, homa, chumvi, mkaguzi. Kwenye chumvi nilisikia sauti ya Nyanya kama ya mtu aliyepaliwa, nikadhani analia, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka. Nilipofika kwa shangazi, mabega yakatulia.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Huyo ni shangazi yake wa Ntimaru," akasema. "Aliyemlea. Tulimzika bila yeye. Watu walisema Maroa ana moyo wa jiwe, amenogewa huko aliko." Alinyoosha kanga yake magotini. "Na mimi nilisema. Nilisema zaidi yao."

Nikasoma mstari wa mwisho kama Japheth alivyouandika: Leo amefika mnyama kutoka makao makuu. Tuliomba dume, wametuletea mtamba, mwekundu, paji jeupe. Hafai kwa kazi hii. Apewe Maroa, aende naye nyumbani, kwa kuwa amefanya kazi ya ng'ombe miezi kumi na minne na hakulalamika, isipokuwa kuhusu chumvi.

Ng'ombe wetu walikuwa wanarudi kutoka mtoni wakati ule, wekundu watupu, na Nyanya aliwatazama hadi wa mwisho akaingia zizini.

"Sasa Mama utakunywa maziwa," Magige akasema kwa matumaini.

"Tumbo langu halijui kusoma rejista. Nitaendelea na rangi."

"Na kaburi?"

Nyanya akamgeukia Okari. "Fundi, alikuwa anainama? Wewe ni mwanaume, niambie. Mtu akiwa chini ya blanketi, anafanya kama ng'ombe, anainama?"

Okari alifikiri kwa heshima, mwiko mkononi. "Mama, mimi nadhani alisimama wima. Mbung'o hajali."

"Mrefu alikuwa. Walimwona kutoka mbali." Akasimama kwa fimbo yake. "Miezi kumi na minne anatafunwa, anakuja nyumbani, namtazama kwa jicho baya, na bado hasemi. Ningekuwa mimi ningesema siku ya kwanza, kabla sijavua viatu."

"Sasa tuandike nini kwenye simiti?" Magige akauliza. Alikuwa na kijiti tayari. "Mimi nasema tuandike Ofisa wa Wanyama."

"Andika jina na miaka yake. Kazi yake wale wa Lambwe waliomcheka wanaijua."

Kisha akafanya jambo ambalo Magige mpaka leo anaomba lisisimuliwe. Alitoa kanga ya juu, akaitandika kwenye nyasi ubavuni mwa kaburi, akashuka kwa magoti, akashuka kwa kiwiko, akalala chali kipimo cha mtu aliyekufa, mikono kifuani.

"Mama, huo ni mkosi," Magige akasema, akageuka kutazama barabara kama kuna watu. "Inuka. Mtu halali hapo akiwa hai."

"Nataka kujua kama natosha. Nikiwa nimekufa nitamwambia nani?" Alisogeza nyonga kushoto, akasogeza kulia. "Fundi, ukuta wako umekaa vibaya, umempa huyu mzee shamba lote. Leta kamba."

Okari alimtazama Magige. Magige alitazama mbingu. Okari akaleta kamba, akampima Nyanya kutoka kichwani hadi kwenye visigino, akachora mstari kwenye udongo kwa ncha ya mwiko. Nyanya aliinua shingo akauangalia huo mstari, akasema uko mbali, si mgeni yeye, uletwe karibu. Okari akaufuta kwa kiatu, akachora mwingine. Akaambiwa karibu zaidi. Mara ya tatu, mstari ulipogusa simiti mbichi, Nyanya alirudisha kichwa chini, akagonga ukuta wa kaburi mara mbili kwa kifundo cha kidole, taratibu, kama mtu anayegonga mlango wa chumba anachokijua.

"Maroa," akasema, "sogea."

Alikaa pale kidogo akisikiliza. Kisha akaninyooshea mkono nimwinue.